Kamenge: Mwalimu Naye Akae Darasani

Kigoma na Burundi ni majirani wa mlango kwa mlango. Wakimbizi wa 1972 walipitia kwetu, wa 1993 wakapitia kwetu, na wa 2015 wakaja kuijaza kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 waliotokana na lile wimbi la 1972. Kwa hiyo tangu nilipoanza ualimu nimefundisha watoto wenye asili ya Burundi. Nimejua majina yao, nyimbo zao na jinsi bibi zao wanavyosalimia, ila nchi yenyewe nilikuwa sijaikanyaga. Yote niliyoyajua kuhusu Burundi niliyapata kwa watu walioikimbia.

Aliyenivusha mpaka ni mwalimu mwenzangu wa Bujumbura, tuliyefahamiana kwa mambo ya kazi. Aliniandikia kwamba huko Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa jiji, wao huwakusanya walimu, wazazi na wanafunzi katika chumba kimoja, na kila mtu hujiuliza maswali juu ya nafsi yake kabla ya kumuuliza mwenzake habari za maksi. "Dada, kwa barua hutaelewa," aliandika. "Njoo ukae nasi." Nikasubiri likizo ya Juni, nikafunga safari.

Barabara ya kwenda Manyovu inapanda milima ya Buhigwe kati ya migomba na kahawa. Mpakani nilionyesha pasi na cheti cha homa ya manjano, nikabadilisha shilingi kuwa faranga, nikavuka upande wa Mugina. Ghafla magari yote yakawa yanapita kulia. Mabango nayo yakabadilika. Kila baada ya mwendo mfupi niliona neno ECOFO limeandikwa ukutani au kwenye kibao cha bati. Hizo ndizo shule zao za msingi za miaka tisa, mfumo walioanza kuutekeleza 2013. Nje yake watoto wa sare za kaki walikuwa wakipishana makundi kwa makundi, hawa wanatoka, wale wanaingia. Ada ya shule za msingi ilifutwa 2005, watoto wakafurika, na mpaka leo shule nyingi hufundisha kwa zamu mbili, asubuhi na alasiri, kwa sababu vyumba havitoshi. Moyoni nikasema matatizo yetu ni mamoja.

Kuanzia Nyanza-Lac, barabara inafuata Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini. Ni ziwa lile lile nililokulia kando yake, ila sasa nililiona likiwa kushoto kwangu na milima ikiwa kulia. Rumonge tulipita katikati ya mashamba ya michikichi, na akina mama wakatuinulia dirishani chupa za mawese mekundu. Tulipokaribia Mugere, dereva alituonyesha kilima chenye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871, wiki mbili tu baada ya kukutana Ujiji. Abiria vijana wakaitaja tarehe hiyo kwa sauti kama wanaojibu mtihani. Nami nimewafundisha watoto tarehe hiyo miaka na miaka. Ndipo nikajiuliza ni nani darasani kwangu aliyewahi kufundishwa siku ambayo bibi yake alivuka mpaka, na kwa nini alivuka. Swali hilo lilisafiri nami mpaka Bujumbura.

Mjini nilikuta foleni ndefu za magari yakingoja mafuta, shida iliyoikalia Burundi kwa miaka kadhaa sasa. Mabasi ya kwenda mitaa ya kaskazini yalikuwa ya kugombania, na watu wengi walikuwa wakitembea kwa miguu katika jua la jioni, wafanyakazi wa ofisini na wachuuzi kwa pamoja. Mwenyeji wangu alinipokea, tukaungana na msafara huo.

Kamenge iko pale uwanda unapokutana na milima. Barabara kuu ya kutoka Bugarama inashuka hadi hapo, na waendesha baisikeli hushuka nayo wakiwa na mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa yaliyofungwa hadi kupita urefu wa mtu. Nyumba ni za chini, za bati. Kuna maduka ya simu, mafundi cherehani barazani, na majiko ya mishikaki inayonukia kuanzia saa kumi na moja. Mtaa huu si mgeni wa elimu. Hapo ipo Hospitali ya Chuo Kikuu inayobeba jina la Mfalme Khaled wa Saudi Arabia, kipo Chuo Kikuu cha Hope Africa, na ipo Shule ya Ufundi ya Kamenge. Asubuhi barabara hujaa wanafunzi wa udaktari wenye makoti meupe na watoto wa shule wenye madaftari kwapani. Kiswahili utakisikia kila kona, kikichanganyika na Kirundi na Kifaransa, na mgeni wa Kigoma hahangaiki kuuliza njia.

Usiku ule tulikula samaki aina ya mukeke wa kukaanga na ugali wa muhogo nyumbani kwa mwenyeji wangu. Nilimuuliza alikojifunza Kiswahili fasaha namna ile. Akasema, "Uvira. Tulikimbilia huko 1995." Binti yake wa sekondari aliacha kula. Baba akaendelea taratibu: jinsi jeshi lilivyoizingira Kamenge, jinsi walivyotoka na sufuria moja na godoro, na jinsi miaka iliyofuata walivyorudi wakakuta kuta zimesimama bila paa wala milango. Mama wa nyumba aliongeza yale ambayo mumewe alikuwa ameyaruka. Binti aliuliza swali moja, kisha lingine, na wazazi wakajibu yote mawili. Baadaye mwenyeji wangu aliniambia kwamba mwaka mmoja uliopita maongezi kama yale yasingewezekana katika nyumba ile, na kwamba aliyaweza baada ya kukaa katika mikutano aliyoniitia.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili, inabidi nieleze shule imekuwa nini katika historia ya Burundi. Mwaka 1972, wakati wa mauaji makubwa ya Wahutu waliosoma, walimu na wanafunzi walichukuliwa madarasani wakapandishwa malori, wasirudi. Kwa miaka mingi baadaye kuna wazazi wa Kihutu walioogopa kumpeleka mtoto sekondari, maana kusoma kulikuwa kumegeuka hukumu. Oktoba 1993 aliuawa Melchior Ndadaye, rais aliyechaguliwa Juni mwaka ule ule. Kwa kulipiza kifo hicho, huko Kibimba wanafunzi wa Kitutsi walikusanywa pamoja na baadhi ya walimu wao wakachomwa moto wakiwa hai, na mkuu wa shule yao alipatikana na hatia katika mauaji hayo. Juni 1995, siku chache baada ya jeshi kuingia Kamenge, wanafunzi wa Kihutu waliuawa usiku katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Burundi, Mutanga, na miongoni mwa wauaji walikuwemo wanafunzi wenzao.

Nayaandika mambo haya kwa uchungu, na nayaandika ya pande zote, kwa kuwa yana funzo ambalo mwalimu hana ruhusa ya kulikwepa. Wale wanafunzi walioua Mutanga walikuwa wamefaulu mitihani yote. Walijua hesabu, Kifaransa na sayansi. Hakuna somo lililowahi kuwauliza hofu yao inatoka wapi, nani aliwapandia chuki, na watafanya nini siku watakapoamriwa kumdhuru jirani.

Ipo shule moja iliyouliza mapema. Seminari ndogo ya Buta, kusini mwa nchi, ilikuwa na vijana wa makabila yote wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto. Kiongozi wake, Padri Zacharie Bukuru, aliona wanafunzi wakirudi likizoni na sumu waliyoisikia makwao. Hakuwanyamazisha. Aliwaketisha wakasema wazi walichokiogopa na walichokisikia, Mhutu mbele ya Mtutsi na Mtutsi mbele ya Mhutu, wakaendelea kucheza, kuimba na kufanya kazi pamoja. Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia bwenini alfajiri, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa. Wanafunzi 40 waliuawa. Jibu lile hawakulitunga asubuhi ile mbele ya bunduki. Walikuwa wamelijenga kwa miezi na miaka.

Kamenge yenyewe ilikuwa na mbegu ya namna hiyo. Asubuhi mwenyeji wangu alinipeleka Kituo cha Vijana cha Kamenge, ambacho watu wote hukiita kwa Kifaransa, Centre Jeunes Kamenge. Kilianzishwa na wamisionari Wakatoliki wa shirika la Waxaveri mwaka 1991, na kwa miaka mingi kiliongozwa na Padri Claudio Marano kutoka Italia. Kipo mahali ambapo mitaa ya kaskazini inakutana. Wakati wa vita Kamenge na Kinama zilikuwa za Wahutu, Ngagara na Cibitoke zikawa za Watutsi, na kijana aliyevuka mtaa usio wake alikuwa akihatarisha roho. Kituo kilibaki wazi kwa wote. Ndani yake kulikuwa na maktaba, viwanja vya mpira, madarasa ya lugha na kompyuta, muziki na mijadala. Wakati wa likizo vijana wa mitaa hasimu walifyatua matofali pamoja na kujenga upya nyumba zilizobomolewa, nyumba za watu wa upande huu na wa upande ule. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Right Livelihood, ile ambayo wengi huiita Nobel mbadala, inayotolewa Stockholm.

Nilisimama maktabani kwa muda. Vijana walikuwa wameinamia vitabu vyao, bega kwa bega katika meza ndefu, feni ikizunguka juu. Mgeni asiyejua historia hataona cha ajabu. Mwenyeji wangu alisema kwa sauti ya chini kwamba katika miaka ya tisini kukaa meza moja namna hii ndilo lilikuwa somo lenyewe, kabla kitabu hakijafunguliwa.

Watu wa Kamenge hawakusema kwamba yote yamepona. Septemba 2014, masista watatu wa Kiitaliano wa shirika la masista Waxaveri, Lucia Pulici, Olga Raschietti na Bernadetta Boggian, wote wazee waliotumikia Afrika miaka mingi, waliuawa nyumbani kwao parokiani, hapo hapo Kamenge. Miezi michache baadaye yakaja machafuko ya 2015. Mama mmoja jirani wa parokia aliniambia, "Amani si mtihani wa mwisho, mwalimu. Ni wa kila muhula."

Njia iliyotumika katika mikutano niliyoitiwa ina asili ya karibu pia. Wakristo wa Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, wa Burundi na Rwanda, walianza mwaka 2003 kuendesha warsha za siku tatu za kuponya majeraha ya vita. Katika kila moja hukaa watu wapatao 20, nusu wa kabila hili na nusu wa lile, waliodhuriwa na waliodhuru. Siku ya kwanza hujifunza kidonda cha moyo ni nini na kinaonekanaje mwilini. Siku ya pili huomboleza na kuitazama hasira. Siku ya tatu hujifunza kuaminiana tena. Mtindo huo umefika Kongo ya mashariki, na Kenya ulifika baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Walimu wa Kamenge niliowatembelea wameuchukua wakaugeuza kwa mahitaji ya shule. Walioketi chumbani ni walimu, wazazi na wanafunzi.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki vimepangwa duara. Hapakuwa na meza kuu. Kwangu mimi niliyezoea kikao cha wazazi chenye safu za madawati na mwenyekiti mbele, hilo peke yake lilikuwa jambo jipya. Walikuwemo Wakatoliki, Walokole na Waislamu wa mtaa. Mwendeshaji, mwalimu wa kike wa makamo, alichora mraba ubaoni akaugawa vyumba vinne. Chumba cha kwanza ni yale ninayoyajua juu yangu na wengine wanayajua. Cha pili ni yale ninayoyajua nikawaficha wengine. Cha tatu ni yale ambayo wengine wanayaona kwangu nami siyaoni. Cha nne ni yale ambayo hakuna ayajuaye bado. Ni mchoro uliobuniwa na Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, mwaka 1955, na siku hizi hutumika duniani kote.

"Leo tubaki chumba cha tatu," mwendeshaji alisema. Kisha akawageukia wanafunzi, "Nyinyi mnaona nini kwetu ambacho sisi hatukioni?"

Kimya kilikuwa kirefu. Mwishowe mvulana mmoja alisema, macho yakiwa sakafuni, kwamba mwalimu wake huwa na siku za kuchapa na siku za kutochapa, na kwamba darasa zima huijua siku ya kuchapa kwa namna anavyofunga mlango. Hakumtaja jina. Mwalimu mmoja mwanamume, aliyekaa mkabala nasi, akajibu bila kutakiwa. Alisema, "Ni mimi. Na siku hizo hasira si ya watoto hawa. Natoka nayo nyumbani, na nyingine natoka nayo mbali zaidi, toka nilipokuwa na umri wao." Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyemkemea. Mwendeshaji alimshukuru, akamuuliza anahitaji nini kwa wenzake siku kama hizo. Wakapanga, pale pale, kwamba siku akifika akiwa amelemewa atamwambia mwalimu wa jirani, naye atamshikia darasa dakika kumi.

Nimehudhuria semina nyingi juu ya adhabu shuleni. Tumesomewa waraka, tumeelezwa idadi ya viboko, tumetia sahihi. Mpango ule wa dakika kumi ulitoka kwa mwalimu mwenyewe, baada ya kuiona hasira yake na kujua ilikotoka.

Baada ya chai ilibandikwa karatasi kubwa ukutani, na makundi yakapewa kalamu za rangi. Zoezi lilikuwa kuchora mti wa kutoaminiana, kwa mizizi, shina na matunda yake, kila kimoja kikiandikwa jina. Kundi letu lilikuwa na baba mmoja fundi ujenzi, mama muuza ndagala, walimu wawili na wasichana watatu wa ECOFO. Mizizi iliandikwa haraka: uvumi, umaskini, ubaguzi, kulipiza kisasi. Msichana mmoja akachukua kalamu nyekundu, akaandika neno ukimya kwenye mzizi mnene kuliko yote. Fundi akapinga. Alisema ukimya ni tunda, kwa kuwa wazazi hunyamaza kwa sababu ya hofu, na hofu ndiyo mzizi. Msichana akajibu kwa heshima, "Baba, kwenu nyinyi ni tunda. Kwetu sisi tuliozaliwa baadaye ni mzizi. Nyumbani hatuambiwi kitu, tunakwenda kuyasikia kwa majirani na kwenye simu, na huko kila mtu anasema lake." Fundi alikaa kimya akiutazama mti. Kisha akaichukua kalamu ile, akachora mshale kutoka tunda la juu hadi mzizi wa chini. Neno moja likawa pande zote mbili. Wote tukaafiki.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu la kutoka Mugere. Watoto wetu wamesoma tarehe za wageni, na za kwao tumezifunga. Kizazi kilichoumia kinanyamaza ili kuwalinda watoto, na watoto wanabaki na pengo ambalo mtu yeyote mwenye chuki anaweza kulijaza. Elimu ya mtu kamili, ya kichwa na moyo na utu, haiwezi kupita juu ya pengo hilo. Na mtoto hawezi kulifukia peke yake, kwa kuwa ufunguo wa habari uko kwa mzazi, na mahali pa kuzungumza kwa utaratibu pako kwa mwalimu.

Alasiri tulitoka uani. Wanafunzi waliwafunga walimu vitambaa machoni, wakawashika mkono na kuwaongoza. Ua ule haukuwa sawa. Palikuwa na ngazi, mawe, na mtaro wa maji machafu unaokatiza kuelekea barabarani. Mwalimu mmoja mnene wa hesabu aliongozwa na kijana mwembamba wa darasa lake. Walipofika mtaroni kijana alisimama, akamshika mwalimu kiwiko kwa mikono miwili. "Mwalimu, hatua moja ndefu. Mguu wa kulia. Sasa." Mwalimu akaruka, akatua salama. Alipofunguliwa kitambaa alisema mbele ya wote kwamba amemfundisha kijana yule miaka miwili, na leo ndiyo mara ya kwanza amemsikiliza kila neno.

Si kila mtu aliyeridhika, na sitaki kuficha. Yule fundi, ambaye mwanawe alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa taifa wa mwaka wa tisa, alisimama mwishoni akauliza swali ambalo lingeulizwa na mzazi yeyote wa Kigoma. Darasa lina watoto wengi kupita kiasi, vitabu havitoshi, bei ya mchele inapanda. Haya maswali ya nafsi yatampa mtoto maksi? Yatampa kazi? Niliona wengine wakiitikia kwa kichwa, na nadhani walikuwa na haki ya kuuliza. Mtu asimwambie mzazi maskini kwamba cheti hakina maana.

Aliyejibu ni bibi mmoja aliyekuja kwa niaba ya mjukuu yatima. Alizungumza Kirundi, na mwenyeji wangu akanitafsiria sikioni. "Kaka yangu alikuwa na maksi. Alikuwa wa kwanza darasani, akachukuliwa shuleni 1972, hatukumwona tena. Na aliyemwonyesha kwa askari alikuwa na maksi pia. Alikuwa mwalimu wake. Basi mpeni mtoto vyote viwili, mwanangu. Maksi peke yake tumeshaziona." Fundi aliinamisha kichwa, akasema asante kwa mikono miwili, kama wanavyofanya wao.

Wazo hili la kujitazama kama sehemu ya kusoma halikuanzia Kamenge. Jiddu Krishnamurti wa India alianzisha shule zilizojengwa juu yake, mojawapo ikiwa Rishi Valley huko Andhra Pradesh na nyingine Brockwood Park, Uingereza, iliyofunguliwa 1969. Alisisitiza kwamba mwalimu asiyeielewa hofu yake mwenyewe hawezi kumwondolea mtoto hofu. Na sisi tunaye wa kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule inayomtenga mtoto na watu wake na kumpima kwa mtihani tu, akitaka kijana mwenye akili ya kuhoji na moyo wa kushirikiana. Ni Nyerere huyo huyo aliyesuluhisha mazungumzo ya amani ya Burundi mjini Arusha hadi kifo chake Oktoba 1999, na Nelson Mandela akayapokea mpaka mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Wanasiasa walitia sahihi mara moja. Kazi ya kuufanya mkataba ule uishi majumbani na madarasani ndiyo niliyoiona ukumbini, kwa kalamu za rangi na vitambaa vya vitenge.

Nilirudi Kigoma kwa barabara ile ile, na tangu hapo nimezungumza na wakuu wa shule kadhaa wa mkoa wetu. Wengi wanauliza gharama. Nawajibu kwamba gharama ni viti vya duara, karatasi, kalamu na siku ambayo mkuu wa shule amekubali kukaa chini kama wengine. Gumu zaidi ni hilo la mwisho.

Kwa hiyo namwomba mwalimu na mzazi anayesoma haya, awe Tabora au Tanga, Mombasa au Uvira. Kikao cha wazazi cha muhula ujao kisiishie kwenye michango na matokeo. Tengeni saa mbili, waketisheni watoto pamoja nanyi, muwaulize wanaona nini kwenu ambacho nyinyi hamkioni. Msiwajibu papo hapo. Kisha mwende nyumbani mkawasimulie walikotoka wazee wao, pamoja na yale yanayouma. Mtoto aliyezoea kuulizwa na kuambiwa ukweli atasoma vizuri, na siku akiamriwa ajitenge na mwenzake atakuwa na jibu. Tusingoje msiba utufundishe. Watu wa Kamenge umeshawafundisha, nao wako tayari kutuonyesha.